Makomeo Matatu

9 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshafungua maboksi yote na kujua swichi ipi inawasha taa ipi. Huku sote wazima. Baba goti linamsumbua, lakini ukimuuliza atakwambia kiti ndicho kibovu. Tangu harusi yako anatembea kifua mbele, na kila anayekuja nyumbani anaambiwa, "Dada yangu sasa amepata mtu wa kumtunza." Utadhani miaka yote ya ujane wako, wewe ulikuwa mzigo uliosahauliwa kituoni. Mumeo msalimie. Sijui nimwiteje, kwa kuwa kila mtu anamwita Mhandisi, nami nitabaki hapo hapo.

Sasa jambo lenyewe. Msimamizi wangu chuoni amekubali mada ya tasnifu: nitalinganisha ile riwaya ya mji wa watunzaji na filamu iliyotengenezwa kutokana nayo. Nimekuwekea nakala ya kitabu ndani ya bahasha hii. Katika mji huo kila mtu anayeishi peke yake anapewa Mtunzaji, kwa usalama wake. Mtunzaji anakaa naye nyumbani, anashika funguo, anajibu barua zake, anajua kama amekula. Mwanamke anayesimuliwa anaitwa Mpangaji tu. Hakuna anayepigwa katika kitabu hicho hata mara moja, na bado siwezi kukisoma peke yangu chumbani. Nakipeleka maktaba, mahali penye watu wanaokohoa.

Nataka tukisome wawili, kama zamani. Unakumbuka nilivyokuwa nakuja kule matbaa nikitoka shule, unanikalisha juu ya rundo la karatasi, nasoma nakala ya mwandishi kwa sauti nawe unafuata prufu, ile karatasi ya majaribio, kwa penseli nyekundu? "Alifika nyumbani, mkato, akavua kofia, nukta, aya mpya." Nilikuwa navuta pumzi ndefu kila penye mkato mpaka wapanga herufi wakanibatiza jina hilo. Ulinipa sheria moja tu: kosa lisipite, hata liwe la mkurugenzi, hata lori la magazeti liwe linanguruma nje.

Nisomee, Shangazi. Niambie unaona nini.

Mkato wako


2 Februari

Mkato, mwanangu,

Marahaba. Mwambie baba yako kiti kile kilinunuliwa na marehemu mama yetu na hakijawahi kumlaumu mtu. Mimi mzima. Tuko ghorofa ya tatu, na dirisha la jikoni linatazama kona yenye duka la mikate. Jumanne asubuhi lori la taka linapiga honi, basi jengo zima linateremka na ndoo, wengine na nguo za kulalia, watu wanasalimiana kama ndugu waliopotezana. Nami nashuka na ndala zangu. Ndio marafiki nilio nao kwa sasa, na wote wananuka maganda.

Kitabu nimekisoma mara mbili, mara ya kwanza kama mtu, ya pili kama msahihishaji. Angalia Mtunzaji anavyochukua vitu. Hachukui kinachouma. Anachukua viatu vya Mpangaji akavipeleke kwa fundi, na kweli soli zimeachia. Utagombanaje na mtu anayekushonea viatu? Havirudi, na baadaye Mpangaji mwenyewe ndiye anayesema hana haja navyo. Halafu lile swali la kila jioni: "Umechoka?" Mwanzoni anajibu hapana. Baadaye anajibu kidogo. Kitabu kikikaribia kwisha, anajibu kabla hajaulizwa. Hapo nilikiweka chini nikaenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Mhandisi aliposikia habari ya kitabu akaniletea filamu yake. Kitabu chenyewe hakigusi. Anasema kusoma mambo ya kubuni ni kutafuna hewa. Lakini filamu aliitazama mpaka mwisho, akairudia. Wameigeuza, mwanangu. Mtunzaji wa kitabuni ni mfupi, ananuka sabuni, hapazi sauti. Wa filamu ana mabega kama kabati na anavichoma viatu uani huku ngoma zinalia. Mlango wa kitabuni una kitasa tu. Wa filamu una makomeo matatu ya chuma. Swali la jioni wamelifuta lote. Na mwisho ndio usiseme. Kitabuni Mpangaji anatoka asubuhi kweupe, na ndala, ndoo ya taka mkononi. Anashika kitasa na kumbe mlango haukuwahi kufungwa. Anafika kona, na kitabu kinakatika hapo, hatuambiwi kama aligeuka nyuma. Kwenye filamu anatoroka usiku na sanduku jekundu, anarukia treni, muziki unapanda.

Mhandisi akasema, "Hapo sawa. Lazima mlango uwe na komeo, la sivyo mwanamke angeshaondoka."

Nikacheka, nikamwambia hiyo ndiyo hoja ya kitabu. Yeye hakucheka.

Simu yangu imepasuka kioo, ameipeleka kwa fundi. Haidhuru. Simu ni ya kuambiana nimefika, barua ndiyo ya kuzungumza.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Goti la baba limepoa, sasa analalamikia bega, basi tunajua ni mzima. Chuo kimefunguliwa na nimepewa darasa la mwaka wa kwanza. Wananiita "Mwalimu" kwa sauti ya kunionea huruma.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye korido ya idara, wanafunzi wakinipita huku na huku. Umeona katika jioni chache nilichokitafuta mwaka mzima. Nimefika mbali kidogo, nisikilize kama kimekaa sawa. Nadhani filamu iliweka yale makomeo kwa kutuhurumia. Mtazamaji akitoka ukumbini anaweza kurudi kwake na amani: mlango wangu hauna makomeo, hakuna aliyechoma viatu vyangu, basi mimi si Mpangaji. Kitabu hakimpi mtu nafasi ya kusema hivyo. Unakifunga, unasikia mtu jikoni anakuuliza kama umechoka, na hujui uogope au ushukuru.

Msimamizi ameandika pembeni, "Hisia zipungue." Nimezipunguza kwenye tasnifu. Kwangu zimebaki.

Nikuulize kitu, usinicheke. Simu imerudi kwa fundi? Nimempigia Mhandisi kwenye yake ili nikusalimie. Anapokea vizuri, ana adabu kuliko sisi sote, ananiambia umelala. Nimepiga asubuhi, mchana, saa ya chakula. Umelala. Nilitaka kumwambia shangazi yangu hajawahi kulala mchana hata akiwa na homa, lakini alishanitakia siku njema.

Nijibu upesi.

Mkato


11 Aprili

Mpendwa binti yangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu za kiafya. Macho yananisumbua na daktari, ambaye ni rafiki wa Mhandisi, amesema nisisome wala kuandika kwa muda. Kwa hiyo mimi ninataja na Mhandisi anachapa kwenye kompyuta. Anajitahidi sana. Kila jioni akirudi kazini huniuliza kama nimechoka. Viatu vyangu viko kwa fundi, soli zimeachia, kwa hiyo sitoki, na mtaa huu una vibaka.

Kuhusu kitabu, nimekumbuka vizuri na naona ulikosea. Katika riwaya Mtunzaji anavichoma viatu vya Mpangaji uani. Mlango una makomeo matatu, nayaona mbele yangu. Na mwisho anatoroka usiku na sanduku jekundu. Usiandike vinginevyo, utaaibika mbele ya msimamizi wako. Kitabu chenyewe Mhandisi amekiweka juu ya kabati kisinichoshe.

Kwa sasa usije, hatuna nafasi ya mgeni. Nisalimie kaka yangu.

Shangazi yako


19 Aprili

Shangazi,

Barua hii siitumi. Naiandika kwa sababu ni wewe pekee niliyezoea kufikiri mbele yako.

Mhandisi amempigia baba. Amemwambia, kwa huzuni, kwamba umeanza kusahau. Unaacha jiko linawaka, unarudia maneno, unachanganya hata hadithi uliyoisoma juzi. Baba akaweka simu mezani.

"Umri, mwanangu," akaniambia. "Bahati yake hayuko peke yake."

"Nataka kwenda kumwona."

"Kwenye nyumba ya watu? Ukamwambie nini mume wa mtu?"

"Nikamsalimie tu."

"Umeambiwa hakuna nafasi. Usituletee aibu."

Nimerudi chumbani nikaziweka barua zako mbili pamoja, hii ya mkono na hii ya mashine, nikazisoma kama ulivyonifundisha, moja kwa sauti na nyingine kwa kidole.

Mtu anayesahau hukosea ovyo. Angesema Mpangaji ana mtoto, angesema anakufa, angechanganya na kitabu kingine. Wewe umekosea mara tatu, na makosa yote matatu yanatoka mahali pamoja. Viatu kuchomwa, makomeo, sanduku: yote ni ya filamu. Yale yale uliyoniandikia Februari, kwa mkono wako, kwamba hayamo kitabuni. Anayekuchapia barua ameiona filamu na hajasoma kitabu. Ukisema makomeo matatu, anaona umesema kweli. Mimi peke yangu ndiye ninayeona kosa. Na wewe hujawahi kuacha kosa lipite.

Halafu yapo mambo mawili yasiyo ya filamu. Viatu viko kwa fundi, soli zimeachia. Kila jioni anauliza kama umechoka. Hayo ni ya kitabuni tu, hawezi kuyajua, na ameyachapa kwa vidole vyake mwenyewe.

Au nimeugua mimi. Nimekisoma kitabu hiki mpaka kimenipanda kichwani, sasa kila mume anayebeba ufunguo namwona Mtunzaji. Huenda wewe kweli unasahau, na bwana mwema anakuangalia, nami niko hapa nakusuka katika hadithi. Sijui lipi linanitisha zaidi. Nikimwambia baba atasema neno lile lile la msimamizi: hisia.

Hukuniita Mkato hata mara moja.


27 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole sana kwa macho. Namshukuru Mhandisi kwa kukuandikia, najua ana kazi nyingi. Sisi wazima. Baba amenunua kiti kipya, na goti limerudi kuuma.

Umenisahihisha vizuri kuhusu viatu, makomeo na sanduku. Nimeshabadilisha. Limebaki jambo moja dogo nithibitishe: yule paka wa kijivu wa Mpangaji, anayelala dirishani kwenye sura ya pili. Naona kwenye filamu wamemwondoa, nami nataka kuandika kurasa kadhaa juu yake. Unamkumbuka? Ukimkumbuka, niambie tu ndiyo.

Pumzika.

Mwanao


1 Juni

Mpendwa binti yangu,

Marahaba. Mhandisi anasema nijibu kwa kifupi nisijichoshe. Hongereni kwa kiti.

Kuhusu paka: soma vizuri. Hakuna paka kitabuni, wala kwenye filamu hayumo, wala hajawahi kuwamo, na nakushangaa wewe niliyekufundisha kusoma. Lakini viatu vinachomwa, makomeo ni matatu na sanduku ni jekundu. Hilo nina hakika nalo kama jina langu. Kosa lisipite.

Mhandisi bado ananijali. Siku hizi namwambia nimechoka kabla hajaniuliza.

Shangazi yako


12 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa Mhandisi. Baba anawasalimu wote wawili.

Umeniaibisha kuhusu paka, na nimefurahi kuliko unavyodhani. Nimemfuta. Msimamizi sasa ameniruhusu niwasilishe sura ya mwisho, Jumanne ya kwanza ya Julai, asubuhi. Ameniambia nisijaze mambo mengi. Kwa hiyo filamu nitaiweka pembeni siku hiyo na kufuata riwaya tu, neno kwa neno, kama ilivyo katika ukurasa wa mwisho. Nitaanza na kitasa. Kisha ngazi. Kisha kona, ambako nimeona mwandishi ameweka hata duka la mikate, jambo ambalo nilikuwa silioni.

Msimamizi anataka kujua kama nina hofu ya kusimama mbele za watu. Nimemwambia ninayo, lakini nitakuwa nimefika mapema, na sitaondoka mahali pangu hata kama anayetakiwa kufika atachelewa.

Huna haja ya kunijibu. Pumzisha macho.

Mwanao


14 Juni

Shangazi,

Hii nayo siitumi. Paka nilimtunga nijue kama kweli unasahau, nawe ukamkamata. Barua ya juzi imeshaondoka, na sasa nasoma nakala yake kwa macho ya Mhandisi, anayekusomea. Kila sentensi inapiga kelele. Hakuna duka la mikate katika kitabu, ni lako wewe, la dirishani kwako, uliloniandikia Februari. Akilikumbuka nimekwisha, nawe umekwisha kabla yangu. Na kitabu kiko juu ya kabati lake. Anachotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono, kufungua ukurasa wa mwisho na kusoma aya moja ya ndala na ndoo, ndipo atakapojua kwa nini mkewe amekazania sanduku jekundu. Kitu kimoja tu kinatulinda: hapendi kusoma.

Nimefanya yote kwa kudhani kwamba mlango wako ni kama ule wa kitabuni. Kama una makomeo kweli, nitasimama pale kona na mkate mkononi mpaka lori liondoke, na wewe utakuwa unalisikia.

Baba nimemwambia nakwenda semina. Nimempata yule Mama Wino wenu wa matbaa, yule mpanga herufi mwenye kicheko. Sikumaliza hata kumweleza. Alisema tu, "Mlete."


11 Julai

Mkato,

Naandika kwa mkono wangu, uone mwenyewe. Macho yangu hayana ugonjwa wowote. Mama Wino anakusalimu. Kucha zake bado nyeusi ingawa matbaa ilifungwa zamani, na bado anakoroma kama mashine ya kukata karatasi. Amenipa chumba cha nyuma chenye kitanda na cherehani. Ulifanya vizuri kurudi chuoni siku ile ile, maana kwako ndiko atakakoanza kuulizia. Baba yako asijue nilipo. Si mtu mbaya, kaka yangu. Ni kwamba akiulizwa kwa adabu atajibu kwa adabu.

Njiani hukuniuliza kitu. Sasa nitasema mara moja, halafu tuliache.

Asubuhi ile aliondoka kama kawaida, na ndoo ya taka mkononi, maana tangu Machi alikuwa anaiteremsha mwenyewe ili nisijichoshe. Nikasikia ufunguo ukizunguka kwa nje. Kimya. Ukazunguka tena. Kila asubuhi ni mara mbili, na miezi yote ile nilijua anafunga mara mbili. Nikapanda kiti, nikakitoa kitabu juu ya kabati, nikakitia ndani ya ndoo ya kudekia, nikakifunika kwa maganda. Lori likapiga honi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, ndala miguuni, na mkono ukakataa. Sikuwa namwogopa yeye tena. Nilikiogopa kitasa. Nikawaza: kikigoma, basi nitajua nimefungiwa. Kisipo­goma je?

Nikaanza kusoma kwa sauti kama wewe ukiwa mtoto. "Mpangaji akanyoosha mkono, mkato, akashika kitasa, mkato." Hapo penye mkato nikavuta pumzi.

Mlango ukafunguka.

Haukuwa umefungwa, mwanangu. Huenda alisahau siku ile tu. Au ule mzunguko wa pili ulikuwa wa kufungua, asubuhi zote hizo, kwa kuwa alikuwa na hakika sitajaribu. Nalala na swali hilo, naamka nalo. Makomeo matatu ningeyasamehe kwa urahisi zaidi. Ningewaonyesha watu, ningesema tazameni.

Kwenye ngazi nilikutana na jirani wa chini, mmoja wa wale wa nguo za kulalia. "Mama, siku nyingi. Tuliambiwa umehama."

"Nimekuja kumwaga taka," nikamjibu, naye akaniachia njia kama mtu aliyeona marehemu akienda dukani.

Nikakuona pale kona, umeegemea dirisha la mikate, daftari la tasnifu usoni, umelishika kichwa chini. Ningecheka kama mdomo ungekubali.

Mwandishi hakutuambia kama Mpangaji aligeuka. Mimi nakwambia: niligeuka. Ulikuwa umenishika mkono ndiyo maana hukuona. Nikatazama dirisha letu la jikoni, na niliyemtafuta si yeye. Nilitazama kama nimeacha taa inawaka, kwa sababu angenigombeza. Ukitaka liandike hilo kwenye tasnifu. Msimamizi akisema hisia zipungue, mwambie hii si hisia, ni prufu.

Juzi mtu aligonga hapa. Kumbe ni msoma mita wa umeme. Nilikaa chini ya cherehani mpaka Mama Wino akarudi sokoni akaniita kwa jina. Kwa hiyo ukija, usigonge. Simama nje ya mlango, fungua ukurasa wowote wa kitabu chochote, usome kwa sauti na alama zake zote, uvute pumzi pale unapovuta. Nitajua ni nani, nami nitakuja kufungua. Ufunguo ninao mimi. Nimeufunga kiunoni. Kila asubuhi nauzungusha mara moja, halafu nakishika kitasa, nijue kwa mkono wangu kama mlango umefungwa au uko wazi.

Shangazi yako